Kozi ya Usalama kwa Waendesha Pikipiki Wapya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyenunua pikipiki juzijuzi, au anayepanga kununua, na bado anajiuliza kama kuna haja ya kwenda kufundishwa. Jibu letu ni kwamba haja ipo, ingawa sababu yetu kubwa si cheti wala kumridhisha askari wa barabarani.

Baiskeli naijua tangu utotoni, na gari naendesha vizuri. Kozi ya nini tena?

Baiskeli imekupa mizani na gari limekupa sheria za barabarani. Vyote viwili vitakusaidia, na saa za mwanzo za mafunzo utazivuka kwa wepesi kuliko mwenzako asiye navyo. Shida iko pale unaposhtuka. Mtu akishtuka juu ya pikipiki, mwili wake hufanya mambo matatu bila kumwomba ruhusa: mguu unakandamiza breki ya nyuma, mikono inakakamaa juu ya usukani, na macho yanaganda kwenye kile anachokiogopa. Yote matatu yanamponza. Tairi la nyuma linajifunga na kuserereka, breki ya mbele iliyo na nguvu zaidi inabaki bila kutumika ipasavyo, na pikipiki inakwenda kule kule macho yalikoganda.

Mazoea ya namna hiyo hayaondoki kwa kuambiwa. Yanaondoka kwa kurudia zoezi moja mpaka mkono ufanye lililo sahihi kabla akili haijapata nafasi ya kuushauri. Hiyo ndiyo kazi ya kozi. Mengine yote, cheti kikiwamo, ni nyongeza.

Rafiki yangu ameendesha miaka mingi na yuko tayari kunifundisha bure.

Atakufundisha kuondoka, kubadilisha gia na kusimama. Lakini dereva mzoefu hufanya mambo mengi bila kujua kwamba anayafanya, na asichojua kwamba anakifanya hawezi kukufundisha. Tena kama ana tabia mbaya, mathalani anaogopa breki ya mbele au anakata kona huku akitazama lami iliyo mbele ya tairi, utairithi pamoja na mengine.

Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakifika wenyewe mahali pa tukio. Ripoti yao ya mwaka 1981 ilionyesha kuwa asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi mitano juu ya pikipiki ile ile iliyopata ajali. Na walipoangalia alama za breki barabarani, waliona kosa tulilolitaja hapo juu likijirudia: breki ya nyuma imekandamizwa mpaka tairi likaserereka, ya mbele haikushikwa vya kutosha.

Rafiki usimtupe. Atakufaa baada ya kozi, akitangulia mbele yako kwenye safari za mwanzo kwa mwendo unaouweza wewe, si ule anaouweza yeye.

Tutafundishwa nini hasa?

Kozi ya wanaoanza huchukua siku moja hadi tatu hivi, sehemu darasani na sehemu kubwa uwanjani, mbali na magari. Wengine humalizia kwa safari barabarani, mkufunzi akiwa nyuma yako.

Huanzia kwenye klachi, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Utatembea polepole huku miguu ikigusa chini, ukitafuta ile nukta ambapo klachi inaanza kushika. Kisha utaendesha polepole kuliko mtu anayetembea, ukipita katikati ya koni, ukigeuza ndani ya mistari miwili. Klachi iko nusu, injini inanguruma bila kupanda na kushuka, mguu umeegemea breki ya nyuma kidogo tu, uso umeelekea unakotaka kutokea. Wanafunzi hulidharau zoezi hili mpaka wanapolijaribu. Pikipiki iliyoshika mwendo hubaki wima yenyewe. Inayokwenda taratibu inakutegemea wewe, na aibu nyingi za anayeanza humkuta kwenye maegesho na makutano ya barabara, si kwenye barabara kuu.

Baada ya hapo huja kusimama ghafla, na ningeomba ulirudie zoezi hili hata baada ya mkufunzi kusema inatosha. Kabla hujaingia uwanjani, mkufunzi mzuri ataandika hesabu ubaoni. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kushika breki, mita hizo 11 zimeshapotea kabla pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu, kwa breki zilizoshikwa vizuri, utahitaji nyingine 10 hivi. Jumla ni mita 21. Kwa kilomita 80 kwa saa unapoteza mita 22 kwa kushtuka tu na zaidi ya 40 kwa kusimama, yaani mita 63 kwa jumla. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara tatu. Hesabu hiyo ukiishaijua, hutaiangalia tena barabara ya mtaani kwa macho yale yale.

Halafu kona: punguza mwendo kabla ya kuingia, tazama mpaka inapoishia, egemea, kisha vuta mafuta taratibu. Na kukwepa kitu kilichojitokeza ghafla. Hapa kuna kanuni ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia: breki na kukwepa havifanywi kwa wakati mmoja. Mshiko wa tairi una kikomo. Ukiutumia wote kusimamia, haubaki wa kugeukia. Kwa hiyo unashika breki kisha unaachia na kukwepa, au unakwepa kwanza, pikipiki inanyooka, ndipo unashika breki.

Darasani mtajifunza kuisoma barabara: mchanga kwenye kona, mafuta yaliyomwagika kwenye makutano, vifuniko vya chuma na mistari ya rangi iliyolowa, mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za ukavu inapoielesha grisi na vumbi juu ya lami.

Niliambiwa breki ya mbele nisiiguse, itanipindua.

Ushauri huu umewagharimu watu wengi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi huhamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hutoa karibu asilimia 70 ya nguvu ya kusimamisha, na kwenye kusimama kwa nguvu huzidi hapo. Anayetumia ya nyuma peke yake ameacha sehemu kubwa ya breki zake bila kuzitumia.

Kinachoangusha watu ni kuinyakua. Ukiivuta kwa ghafla kabla uzito haujahamia mbele, tairi linajifunga na kuteleza. Vivyo hivyo ukiishika kwa nguvu wakati usukani umekatwa, au juu ya mchanga. Namna sahihi ni kuikamua: unaanza kwa wepesi, unaupa uzito nafasi ya kusogea, kisha unaongeza nguvu mpaka unasimama. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono uliojaa hofu inahitaji mazoezi.

Kama pikipiki yako ina ABS, yaani mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge, una bahati. Kompyuta itaachia breki kidogo kila tairi linapotaka kujifunga. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa pikipiki zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125: kwa aina mpya tangu mwaka 2016, na kwa pikipiki zote mpya tangu mwaka 2017. Bado unatakiwa kujua kushika breki kwa nguvu bila woga, kwa sababu ABS haiwezi kushika breki usiyoishika. Na ABS ya kawaida haifanyi miujiza ukiwa umelala kwenye kona.

Ni kweli kwamba ili kwenda kulia nasukuma mkono wa kulia?

Ni kweli. Pikipiki ikishashika mwendo, ukisukuma kishikio cha kulia mbele, usukani unageuka kidogo sana kushoto, magurudumu yanahamia kushoto chini yako, na pikipiki inaegemea kulia na kwenda kulia. Kila anayeendesha hufanya hivyo, hata anayekataa katakata kwamba anafanya. Tofauti ni kwamba aliyefundishwa anaweza kukifanya kwa makusudi na kwa nguvu, wakati gari limemkatia njia. Hurt na wenzake waliona kuwa ujuzi huu ulikosekana karibu kabisa kwa waliopata ajali. Kwenye mwendo wa polepole sana mambo hurudi kama ulivyozoea: unageuza usukani kuelekea unakokwenda.

Usihangaike kuielewa kwa fizikia kabla ya kuijaribu uwanjani. Sukuma, uone.

Ajali haina kinga. Kuna ushahidi wowote kwamba kozi inaizuia?

Hapa tuseme ukweli wote, kwa sababu wanaotangaza kozi mara nyingi husema nusu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, uliokusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki. Waandishi wake walikuta tafiti nyingi zikiwa na kasoro, wakasema haiwezekani kudai kwa uhakika kwamba mafunzo ya aina fulani yanapunguza ajali. Kupima jambo hili ni kugumu: wanaojiandikisha kwa hiari huenda ni watu waangalifu tangu awali, na waliohitimu huenda wakaanza kuendesha zaidi kuliko wasiohitimu.

Kwa nini basi tunakuhimiza? Kwa sababu makosa yanayotajwa kwenye uchunguzi wa ajali, breki isiyoshikwa, kona iliyoingiwa kwa mwendo mkubwa, kukwepa kusikojulikana, ndiyo yale yale yanayofanyiwa mazoezi uwanjani. Lakini kozi inaweza pia kukudhuru, ukitoka pale unajiona bingwa. Mtu aliyepewa ujuzi kidogo na majigambo mengi ni hatari kuliko aliyeanza na hofu. Kozi nzuri hutumia muda mwingi kwenye namna ya kutojiingiza taabuni kuliko kwenye mbinu za kujinasua. Ukikuta wanakufundisha mbwembwe, ondoka.

Wenye makosa ni madereva wa magari. Kwa nini nifundishwe mimi?

Una hoja. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, Hurt alikuta kwamba karibu theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo kile kingine kuinyima pikipiki haki yake ya kupita. Kisa kinachojulikana zaidi ni gari linalokatiza mbele yako likigeuka kuvuka njia yako, na dereva anashuka akisema, "Sikukuona." Mara nyingi hasemi uongo. Pikipiki ni nyembamba, inajificha nyuma ya nguzo ya kioo cha gari, na jicho la binadamu hukiona kitu chembamba kuwa kiko mbali na kinakuja taratibu kuliko ilivyo.

Ila haki ya kupita haizuii mfupa kuvunjika. Katika uchunguzi huo huo, muda wa kawaida aliokuwa nao mwendeshaji kujiokoa, tangu hatari ijitokeze mpaka kugongana, haukufika sekunde mbili. Huwezi kufikiri ndani ya muda huo. Unaweza tu kufanya ulichozoea. Kwenye kozi utazoea kuliangalia tairi la mbele la gari linalosubiri kugeuka badala ya uso wa dereva, kwa kuwa tairi likianza kuzunguka unajua kabla yeye mwenyewe hajakuona. Utazoea kuweka vidole juu ya breki kila unapokaribia makutano, jambo linalokuokolea mita kadhaa. Utazoea kujiuliza umekaa wapi ndani ya njia yako, na kama pale ulipo unaonekana kwenye vioo vya aliye mbele.

Naogopa kuanguka mbele ya watu.

Wapo wanaoangusha pikipiki, na karibu kila mara inakuwa kwenye mwendo wa polepole, ikilala ubavuni huku mwenyewe amesimama pembeni yake. Wakufunzi wameyaona hayo mara nyingi na pikipiki za mafunzo huwa nyepesi, nyingi zikiwa na vyuma vya kukinga injini. Bora iangushwe pale kuliko katikati ya barabara. Hofu kidogo, kwa kweli, ni mtaji.

Mimi ni mfupi, je nitaweza? Na umri wangu umesogea.

Utaweza. Si lazima nyayo zote mbili zilale chini. Mguu mmoja uliokanyaga sawasawa unatosha, ukijua kusimama kwa kutumia breki ya nyuma huku mguu wa kushoto ukishuka. Umri unaongeza umakini kuliko unavyopunguza nguvu. Ukiwa na tatizo la goti, kiuno au macho, mwambie mkufunzi kabla ya kuanza.

Nikanunue pikipiki kwanza, ndipo nijiandikishe?

Hapana. Shule nyingi zina pikipiki zao za kufundishia, na baada ya siku moja uwanjani utajua mambo ambayo muuzaji hawezi kukwambia: urefu wa kiti unaokufaa, uzito unaoweza kuuinua, kama unataka gia za mguu au skuta isiyo na klachi. Watu hununua mashine kubwa kwa macho, wakaja kugundua kwamba hawawezi kuirudisha nyuma kwenye mwinuko. Injini ndogo husamehe kosa la kuvuta mafuta kupita kiasi; kubwa haisamehi.

Nivae nini?

Helmeti kwanza. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2008, uligundua kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa wanaopata ajali. Iwe imekubana mashavu bila kukuumiza, na ukishafunga ukanda isivuke ukiisukuma kwa nyuma kuelekea mbele. Povu gumu la ndani ndilo linalokinga ubongo, kwa kujipondaponda lenyewe, na likishapondeka halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyopigwa kwenye ajali hutupwa hata kama nje inang'aa, na hiyo ndiyo sababu sishauri kabisa kununua iliyotumika.

Kisha glavu, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza viganja. Koti la mikono mirefu, suruali nzito, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Kamba za viatu zifichwe, zisije zikanasa kwenye kanyagio au mnyororo. Sandali zibaki nyumbani.

Naendesha miaka kadhaa sasa bila kufundishwa. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila utapata taabu zaidi kuliko anayeanza, maana una ya kusahau kabla ya kujifunza. Jaribu jambo moja ukiwa mahali patupu: shika breki zote mbili kwa nguvu kutoka kilomita 40 kwa saa na upime umeishia wapi. Kama ni zaidi ya mita 15 tangu uliposhika breki, jiandikishe.

Nitaijuaje kozi nzuri?

Nenda ukaitazame kabla ya kulipa. Angalia kama kuna uwanja wa kutosha, kama wanafunzi wanakaa juu ya pikipiki au wanashinda wamepanga foleni, na kama mkufunzi mmoja ana wanafunzi wachache kiasi cha kumwona kila mmoja. Sikiliza namna anavyosahihisha. "Hapana, rudia" haisaidii. "Umeangalia koni, tazama ukuta ule" inasaidia. Uliza pia kama wanafundisha kusimama ghafla. Wanaofundisha kuzunguka namba nane tu wanakuandaa kwa mtihani wa leseni na si kwa barabara.

Nikifeli?

Unarudia. Aliyefeli uwanjani ameambiwa mapema kitu ambacho barabara ingemwambia kwa ukali zaidi.

Nikimaliza, naweza kubeba abiria siku hiyo hiyo?

Hata kama sheria ya kwenu inaruhusu, subiri miezi kadhaa. Abiria huongeza uzito juu na nyuma: usukani unakuwa mwepesi, umbali wa kusimama unabadilika, na kugeuza kwa mwendo wa polepole, ulikokuzoea ukiwa peke yako, kunakuwa jambo jipya. Siku ikifika, ongeza upepo wa tairi na kaza springi za nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Mpe abiria helmeti inayomtosha, na mweleze kabla hamjaondoka: asipande wala kushuka bila kukwambia, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mkisimama, kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande mnakoelekea na aegemee nawe. Anzeni na mzunguko mfupi kwenye barabara tulivu, mkifanya mazoezi ya kuondoka na kusimama, kabla ya kuingia kwenye foleni ya magari.